Moshi wa bluu asubuhi: sili za valvu au injini imekwisha?

SWALI: Gari langu la petroli lina miaka 19 na limetembea kilomita 240,000. Nikiliwasha asubuhi linatoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, kisha unaisha. Siku hizi hata nikikaa kwenye foleni kwa muda, nikiondoka natoa wingu nyuma. Kila wiki mbili naongeza oili karibu nusu lita. Fundi ameniambia injini imekwisha, nichague ovahoo au injini nyingine. Nguvu ya gari bado naiona nzuri. Je, ni kweli imekwisha?

JIBU: Kwa dalili ulizotaja, usikubali ovahoo bado. Moshi wa asubuhi unaokoma baada ya sekunde chache, pamoja na ule wa kuondoka baada ya kusimama huku injini ikiunguruma, ndio mwenendo wa sili za valvu (vizuizi vidogo vya mpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye silinda) zilizokauka. Ringi za pistoni (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zilizolika hazipumziki namna hiyo. Zenyewe hutoa moshi pale injini inapodaiwa nguvu: mlimani, gari likiwa na mzigo, au ukikanyaga mafuta mfululizo. Hata hivyo, nusu lita kwa wiki mbili haisemi kitu mpaka tujue ni kilomita ngapi, na kuna kifaa kimoja kidogo cha bei ndogo, valvu ya PCV, kinachoweza kuiga ugonjwa wote huu.

Hakikisha kwanza kwamba ni oili

Moshi wa oili ni wa bluu au kijivu chenye ubluu, una harufu kali ya mafuta yaliyoungua, na huning'inia hewani kabla ya kupotea. Juani huonekana kama wa kijivu tu, ndiyo maana watu hubishana kuhusu rangi yake. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari lililo mbele ya ukuta wa rangi iliyoiva, au usiku mmulikiwe na taa za gari lililo nyuma. Hapo rangi haifichiki. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea mita moja kutoka kwenye bomba ni unyevu wa kawaida. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli iliyozidi.

Ukiwa bado na shaka, shikilia karatasi nyeupe sentimita 20 hivi nyuma ya ekzosi kwa dakika moja. Maji yatakauka bila kuacha alama. Oili itaacha madoadoa yenye mafuta yasiyokauka.

Kisha kagua kama oili inaungua kweli au inavuja. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivujia kwenye manifoldi ya ekzosi, utapata harufu ileile na moshi, lakini moshi huo unatoka chini ya boneti, si kwenye bomba. Tazama pia sili ya kranki shafti mbele na nyuma, chujio la oili, na nati ya kumwagia oili. Gari la umri huo linaweza kabisa kuwa linachoma nusu na kuvuja nusu.

Pima, usikisie

Weka gari mahali tambarare, izime injini ikiwa na moto, subiri dakika 10 oili ishuke yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kisha ijaze mpaka alama ya juu ya dipstiki. Andika kilomita. Endesha kama kawaida mpaka kilomita 1,000, ukiandika kila oili unayoongeza, na upime tena kwa namna ileile. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ya dipstiki ni karibu lita 1, kwa hiyo nusu ya nafasi hiyo ni kama nusu lita.

Robo lita kwa kilomita 1,000 kwenye injini ya umri huo wala isikunyime usingizi. Ukikaribia lita 1 kwa kilomita 1,000, hapo ndipo penye kazi. Watengenezaji kadhaa huweka kikomo chao cha matumizi hapohapo. Wakati wa kupima, usiache oili ishuke chini ya alama ya chini. Injini inayokula oili haifi kwa moshi, hufa kwa kukauka. Wala usijaze kupita alama ya juu, kwa kuwa oili ikizidi, kranki shafti huipiga na kuirusha, povu na matone hupandia kwenye njia ya kupumulia, nawe utajitengenezea moshi wa bluu usiokuwapo. Ukichomoa dipstiki na ikanukia petroli, oili imechanganyika na mafuta na kuwa nyepesi mno. Rekebisha chanzo cha petroli hiyo na umwage oili kabla ya kuhukumu sili au ringi.

Wakati wa moshi ndio ushahidi

Oili ina njia chache za kufika kwenye chumba cha mwako, na kila njia hufunguka kwa wakati wake.

Juu ya silinda hedi kuna oili inayolainisha kemu shafti na valvu. Kinachoizuia isiteremke na fito za valvu ni sili ndogo ya mpira iliyovishwa juu ya kila gaidi (bomba dogo linaloiongoza fito ya valvu). Mpira huo, kwa joto na miaka, hugeuka mgumu kama plastiki na kupoteza mkumbatio wake. Gari likilala, oili iliyobaki juu huteremka taratibu kando ya fito, ikakaa mgongoni mwa valvu au juu ya pistoni. Asubuhi inaungua kwa mara moja: moshi, kisha kimya. Hiyo ndiyo sababu ya dalili yako ya kwanza.

Ya pili nayo ina maelezo. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mlango wa hewa umefungwa, na nyuma yake kwenye manifoldi ya kuingizia hewa kuna ombwe kali. Ombwe hilo hunyonya oili kupitia sili za valvu za kuingizia, kidogo kidogo, dakika hadi dakika. Ukikanyaga kuondoka, akiba yote inaungua pamoja.

Jaribio lake ni rahisi. Pasha injini mpaka joto la kawaida, iache iungurume dakika 10 hadi 15, mtu akiwa nyuma, kisha kanyaga kwa ghafla hadi mizunguko 3,000 hivi. Wingu linalotoka na kusafika ndani ya sekunde chache linaelekeza kwenye sili. Halafu lipeleke barabarani: panda mlima kwa gia ya tatu ukiwa umekanyaga vizuri, mtu akikufuata na gari lingine. Moshi usiokatika muda wote wa kupanda ni wa ringi au silinda iliyolika.

Kuna jaribio jingine linalosifiwa sana: kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga, kisha kukanyaga ukifika chini. Wingu likitoka, wengi husema moja kwa moja ni valvu. Mimi silipi uzito huo wote. Ombwe la mteremko ni kali kiasi kwamba hata ringi ya oili (ile ya chini kwenye pistoni, inayokwangua oili) ikiganda huachia oili ipande kutoka chini. Lichukue kama shahidi wa pili, lisiwe hakimu.

Valvu ya PCV, kabla ya kufungua kitu chochote

Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi na kuingia chini kwenye sampu. Gesi hizo hurudishwa kwenye manifoldi zikaungue, kupitia valvu ndogo ya PCV ambayo kwa kawaida imechomekwa kwenye kifuniko cha valvu na kuunganishwa na hosi. Ikikwama wazi, manifoldi hunyonya mvuke wa oili kupita kiasi. Ikiziba, gesi hukosa pa kutokea, presha inapanda chini, na oili inasukumwa kupita popote penye udhaifu: kwenye sili, kwenye ringi, na kupitia hosi ya kupumulia mpaka kwenye eya klina. Oili iliyolowanisha chujio la hewa ni dalili ya wazi ya hili.

Ichomoe na uitikise. Nyingi za aina ya springi hulia ndani. Iliyo bubu mara nyingi imeganda. Puliza upande unaoelekea injini, hewa ipite. Puliza upande unaoelekea manifoldi, izuiliwe au ipite kwa shida. Injini ikiunguruma, ziba mdomo wake kwa kidole usikie mvuto. Mwisho, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Mfumo mzima ukiwa sawa, karatasi hunyonywa polepole. Ikirushwa juu kwa mapigo, injini "inapumua" kupita kiasi: ama PCV imeziba, ama ringi zinapitisha. Badilisha PCV na hosi zilizolegea kwanza, kisha urudie jaribio la karatasi. Wenye magari wamelipia ovahoo kwa kosa la kipande hiki kinachotosha kiganjani.

Magari mapya zaidi yana PCV iliyojengwa ndani ya kifuniko cha valvu, yenye utando wa mpira. Utando ukipasuka, utasikia mluzi na injini itaunguruma bila utulivu. Hapo mara nyingi hubadilishwa kifuniko kizima.

Plagi

Zifungue zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda zake. Masizi makavu meusi ni petroli. Weusi unaong'aa na kulowa ni oili. Plagi moja ikiwa chafu na tatu safi, tatizo liko kwenye silinda moja, na hilo pekee linapunguza uwezekano wa "injini imekwisha". Utando mgumu wa majivu uliojengeka upande mmoja tu wa plagi, ule unaotazama valvu ya kuingizia, unasema oili inatoka juu.

Usidanganyike na plagi safi. Sili za valvu za kutolea zikichoka, oili huteremka moja kwa moja kwenye njia ya ekzosi na kuungua kwa joto la hapo bila kupita kwenye silinda. Unapata moshi, plagi zikiwa safi kama mpya.

Kompresheni, na mtego wake

Kompresheni ni presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na hupimwa kwa geji kwenye tundu la plagi. Injini iwe na moto, betri ijae. Ondoa plagi zote, katiza umeme wa koili na wa injekta, kanyaga mafuta mpaka chini ili mlango wa hewa ufunguke wote, kisha zungusha kwa stata mapigo 6 kwa kila silinda, idadi ileile. Injini nyingi za petroli zilizo nzima hutoa kati ya psi (kizio cha presha) 150 na 200; kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Kikubwa zaidi ni ulinganifu. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Ukipata 172, 168, 175, 170, una injini ya kufurahia. Ukipata 172, 168, 118, 170, shida iko silinda ya tatu.

Kwenye silinda iliyo chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha mapigo machache isambae, pima tena. Ikipanda sana, tuseme kutoka 118 hadi 155, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ringi ndizo zinazopitisha. Isipopanda, valvu haikai vizuri au gasketi ya silinda hedi imepasuka.

Sasa mtego. Kompresheni hushikwa na ringi mbili za juu. Oili hukwanguliwa na ringi ya tatu, ile ya chini yenye vipande vyembamba. Ringi hiyo ikiganda kwa masizi ndani ya mfereji wake, injini itakula oili kwa pupa huku kompresheni ikisoma vizuri kabisa. Vilevile silinda iliyolowa oili hujizibia yenyewe na kutoa namba nzuri kuliko inavyostahili. Nazo sili za valvu hazionekani kamwe kwenye kipimo hiki, kwa sababu hazishiki presha. Kwa hiyo kompresheni nzuri haimaanishi ni sili; inamaanisha tu silinda na ringi za juu bado ziko sawa. Kinachotenganisha sili na ringi ya oili ni tabia ya moshi uliyoipima mapema. Sili huchafua asubuhi na baada ya kusimama. Ringi ya oili iliyoganda hula oili hata safari ndefu ya barabara kuu, wakati mwingine bila moshi wa kuonekana, hasa kama katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) bado inafanya kazi na kumalizia kuunguza.

Fundi mwenye kifaa cha kupima uvujaji kwa hewa anaweza kukupa jibu la silinda moja moja. Pistoni huwekwa juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, hewa inaingizwa kupitia tundu la plagi, na kipimo kinaonyesha asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni nzuri sana. Hadi 20 inavumilika kwa injini ya umri wa yako. Kisha sikiliza. Hewa ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Kwenye mlango wa hewa, ni ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi.

Ikithibitika ni sili

Kwenye injini nyingi silinda hedi haitolewi. Fundi hufungua kifuniko cha valvu na kutoa kemu shafti. Valvu zisidondoke ndani, ama anapeleka pistoni ya silinda anayoishughulikia juu kabisa na kuingiza hewa yenye presha kwenye tundu la plagi, ama anaiacha pistoni chini kidogo, analisha kamba ya nailoni kupitia tundu hilo na kuizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya valvu. Mimi naamini kamba zaidi: hewa ikikatika katikati ya kazi, au pistoni ikiwa imepita juu kidogo na injini ikajizungusha, valvu inaweza kuingia kwenye silinda, na hapo hedi itatolewa tu.

Kabla ya kufunga sili mpya, mwambie atikise kila fito ya valvu pembeni kwa vidole springi ikiwa imetoka. Mchezo wa kawaida kati ya fito na gaidi ni mdogo mno, sehemu za mia za milimita. Ukiuhisi wazi mkononi, gaidi limelika, na sili mpya itatafunwa na valvu inayoyumba ndani ya miezi michache. Hapo hedi itoke, magaidi yabadilishwe.

Atazame pia kama matundu ya kurudisha oili kwenye hedi yamezibwa na tope jeusi. Yakiziba, oili hutuama juu na kuzifurikisha hata sili mpya. Tope hilo likwanguliwe na kufyonzwa kwa mkono. Dawa za kusafisha injini kwa mkupuo hulibandua vipande vipande na kuvipeleka kwenye chujio la pampu ya oili.

Sili za kuingizia na za kutolea huweza kutofautiana kwa rangi au umbo, zisichanganywe. Za mpira aina ya Viton huvumilia joto kuliko za kawaida. Zipakwe oili na zivishwe kwa kutumia kifuniko chembamba cha plastiki kwenye ncha ya fito, la sivyo mfereji wa ncha hiyo utaukata mdomo wa sili siku ileile ya kuzaliwa kwake. Baada ya kazi, moshi huweza kuendelea kidogo kwa safari kadhaa mpaka oili iliyomo kwenye ekzosi iungue iishe.

Ikithibitika ni ringi

Kama kompresheni ni nzuri na unashuku ringi ya oili imeganda tu, kuna la kujaribu. Zungusha injini pistoni zikae katikati, mimina mililita 50 hivi za kimiminika cha kulegeza masizi kwenye kila silinda, acha usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kurudisha plagi hata moja, funika matundu kwa kitambaa na uzungushe kwa stata kitoke chote. Kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukiwasha kikiwa ndani, unapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki shafti). Kisha mwaga oili na ubadilishe chujio siku hiyohiyo, maana sehemu imeteremka kwenye sampu. Mara nyingine inasaidia sana, mara nyingine haibadilishi kitu.

Silinda zikiwa zimelika, dawa ya chupa haitengenezi chuma. Silinda hupimwa kwa geji kwenye vimo vitatu na pande mbili. Ikiwa imelika au kuwa yai kwa zaidi ya takriban milimita 0.1, kubadilisha ringi peke yake ni kupoteza fedha; ichongwe na kuwekewa pistoni za saizi kubwa zaidi, kwa kawaida milimita 0.25 au 0.50.

Kuhusu kuhamia oili nzito: kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 ni sawa kama kitabu cha gari kinaruhusu, na kutapunguza matumizi kidogo. Kukimbilia 20W-50 kwenye injini yenye valvu za muda unaobadilika, au tapeti zinazotumia presha ya oili, ni kuinyima oili hedi ileile unayotaka kuiponya.

Na kama bado utashawishika kununua injini iliyotumika, kumbuka kwamba sili zake nazo zina umri wake. Pima kompresheni kabla ya kulipa, na sili zibadilishwe injini ikiwa bado sakafuni, kabla haijaingia kwenye gari, wakati kila kitu kinafikika kwa mkono na gasketi ya kifuniko cha valvu itabadilishwa kwa kazi hiyohiyo.